Nani alisema lazima uanze na mbio?

Wasee, tuache hii maneno ya "ukifika 25 bila gari umechelewa."

Aprili 2023 Eliud Kipchoge alisafiri hadi Boston, akaongoza mapema, vilima vikamshika, akamaliza nambari 6. Watu wakasema ameisha. Septemba akashinda Berlin mara ya 5. Oktoba, Kelvin Kiptum akaweka rekodi ya dunia Chicago, 2:00:35, na nusu ya pili aliikimbia haraka kuliko ya kwanza.

Mimi niliacha chuo, na kuna majirani hapa Mountain View washanizika. Lakini nani huhukumu mbio ya kilomita 42 mtu akiwa kwa ya 10? Ukianza vibaya, maliza tu. Kuna Berlin yako mahali. Ama mnaonaje?