Wachuuzi wa mpakani wapewe kiti
Gorila wa Virunga huvuka mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo bila pasipoti wala ushuru. Kwa sababu hiyo nchi hizo 3 zilitia saini mkataba mwaka 2015 wa kuhifadhi wanyama hao kwa pamoja, sekretarieti ikiwa Kigali. Matunda yapo: sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu gorila 604 Virunga.

Hata hivyo, wanaoamua ni mawaziri, maofisa na wakuu wa hifadhi. Mama anayevusha viazi Cyanika au Bunagana hana kiti. Gatuna ilipofungwa Februari 2019, hadi kufunguliwa tena Januari 2022, gorila waliendelea kuvuka milimani huku wachuuzi wakihesabu hasara. Aliyekosa soko huusogelea msitu, atege paa au achome makaa. Na mtego hauchagui. Uliotegewa paa humnasa pia gorila.

Kisheria, Uganda hutenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii jirani. Basi Kampala iwe ya kwanza kudai wachuuzi wapewe kiti katika uongozi wa ushirikiano huo. Mwenye soko la uhakika hana haja ya kutega.