TUIJUE HISTORIA YETU: Shamba la Ndani ya Kreta

Ndugu msomaji, mwezi huu tusome habari za shamba moja. Shamba hilo lilikuwa ndani ya kreta ya Ngorongoro. Leo halilimwi. Lakini habari zake zina funzo kwa kila mwenye ekari yake, awe Karatu au mahali pengine.

Kreta ni shimo kubwa lililobaki baada ya mlima wa moto kutitia. Kreta ya Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi. Kutoka ukingoni mpaka chini ni kama mita 600. Huko chini kuna majani mazuri, chumvi ya mifugo na maji. Kuna mto Munge. Kuna pia msitu wa migunga uitwao Lerai. Penye maji na majani hapakosi watu.

Wa kwanza na wa pili

Zamani walikaa humo Wadatoga, ambao ni wafugaji. Makaburi ya wazee wao yamo humo hata leo. Baadaye walikuja Wamaasai, wakapigana nao, wakawashinda. Wadatoga wakahama.

Mwaka 1892 alifika mgeni kutoka Austria, jina lake Oscar Baumann. Aliwakuta Wamaasai katika njaa kali. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeua ng'ombe wao. Mfugaji asiye na ng'ombe hana nguvu. Wakati huo wa unyonge ndipo wageni walipoingia.

Ndugu wawili Wajerumani

Serikali ya Wajerumani iliwakodisha ardhi ya kreta ndugu wawili. Adolf Siedentopf alijenga karibu na mto Munge. Ndugu yake, Friedrich Wilhelm, alijenga Lerai. Ardhi walipewa na serikali. Wamaasai hawakuulizwa.

Ndugu hao walifuga ng'ombe. Walijaribu hata kufuga mbuni. Nyumbu walikuwa wengi, nao walikula majani ya ng'ombe. Basi walijaribu kuwafukuza nyumbu watoke kretani. Hawakuweza. Nyumbu wako mpaka leo, lakini ndugu wale hawapo. Vita kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914, na vita hiyo ndiyo iliyowaondoa. Yamebaki magofu ya nyumba zao.

Tajiri wa Uskoti

Waingereza waliposhika nchi, mali za Wajerumani ziliwekwa chini ya mtunzaji wa mali za adui. Mwingereza mmoja, Kapteni Hurst, alilikodi shamba kwa muda. Kisha, katika miaka ya 1920, lilikwenda kwa Sir Charles Ross, tajiri wa Uskoti.

Bwana huyo alikuwa na ardhi kubwa sana kwao, mahali paitwapo Balnagown. Alitengeneza pia bunduki iliyoitwa kwa jina lake. Askari wa Kanada waliitumia katika vita kuu ya kwanza, lakini ilikwama kwa matope, ikaachwa.

Mwaka 1928 serikali ilipiga marufuku uwindaji ndani ya kreta. Lakini yale mashamba ya zamani ya akina Siedentopf hayakuingizwa katika amri hiyo. Ona nguvu ya karatasi! Mwenye karatasi aliweza kukaa ng'ambo ya bahari, na karatasi yake ikamlinda. Wamaasai walichunga ng'ombe humo kila siku, lakini hawakuwa na karatasi.

Usidhani kwamba mambo haya yaliwapata Waafrika peke yao. Huko kaskazini ya Uskoti, wakulima wadogo walikuwa wapangaji wa mabwana wakubwa. Katika karne ya 18 na ya 19 wengi waliondolewa ili kupisha kondoo. Watu hao hawakunyamaza. Mwaka 1886 ikatoka sheria ya kuwalinda. Mpangaji mdogo asifukuzwe ovyo. Kodi iwe ya haki. Akiondoka, alipwe kwa kazi aliyoifanya shambani.

Baada ya mashamba

Mwaka 1951 Ngorongoro iliwekwa ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Mwaka 1959 ilitengwa, iwe mahali pa watu, mifugo na wanyama pori pamoja. Wamaasai wa Serengeti walihamishiwa huko. Mwaka 1974 familia zilizoishi chini ya kreta zilitolewa. Mwaka 1979 Ngorongoro iliandikwa kuwa urithi wa dunia. Tangu mwaka 2022 familia kadhaa zimehamia Msomera, Handeni, na uhamaji huo umeleta mabishano makubwa.

Hesabu sasa, msomaji. Mtu mmoja aliipata ardhi kwa mkuki. Mwingine aliipata kwa karatasi. Mwingine aliipoteza kwa vita. Mara nyingi aliyekuwa akiitumia ndiye aliyeulizwa mwisho, au hakuulizwa kabisa.

Funzo kwetu

Leo ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa ardhi ya kijiji tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inatambua haki ya kimila. Mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa kijiji.

Kwa hiyo, mkutano ukiitwa, nenda. Ukipewa karatasi, isome mpaka mwisho kabla ya kuweka sahihi. Usiweke dole gumba penye neno usilolielewa. Tazama mipaka iliyoandikwa, kisha nenda ukaitazame shambani pamoja na majirani. Weka hati yako mahali pakavu, mbali na mchwa.

Zamani karatasi ilikuwa silaha ya mgeni kwa sababu ni yeye aliyejua kuisoma. Sasa nawe unajua kusoma.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Ni nani waliokaa kretani kabla ya Wamaasai?
2. Kwa nini wageni waliingia kwa urahisi baada ya sotoka?
3. Je, mipaka ya kijiji chako imeandikwa wapi, na nani anaitunza karatasi hiyo?