Rapu: Ni sanaa au ni kelele za vijana?

Msomaji mpenzi, ukipanda matatu ya kutoka Nairobi kwenda Kitengela jioni, huenda ukaisikia rapu kabla hujapata kiti. Kijana atatikisa kichwa, mama mwenye mtoto atakunja uso, na mzee atamwomba kondakta apunguze sauti. Ugomvi huo huo umo katika nyumba zetu nyingi. Je, maneno haya yanayosemwa mbiombio ni sanaa, au ni uhuni mtupu?

Majuzi jirani yangu hapa Kitengela alinibishia hodi, daftari mkononi. Yeye hununua ng'ombe pande za Kajiado na kuwaleta machinjioni. "Wewe ndiwe unayeandika gazetini," akaniambia. "Hii Sheng siielewi. Nisomee nijue kijana wangu ameingia katika balaa gani, kabla sijalitia motoni."

Nikasoma. Hapakuwa na bangi wala matusi. Kijana alikuwa ameandika juu ya ukame wa 2022, mvua zilipokosekana misimu kadhaa mfululizo na mifugo ikafa kwa wingi Kajiado. Alieleza jinsi baba yake alivyokuwa akirudi usiku na kukaa gizani bila kusema neno, na jinsi yeye alivyoogopa kumwuliza ni ng'ombe wangapi waliobaki.

Mzee akanyamaza kitambo. "Kumbe alikuwa akiniona," akasema.

Nikamwuliza, naye alipokuwa morani, waliimba nini? Akatabasamu. Wenzake walishika mdundo kwa koo, akasema, naye akajitokeza kujigamba: ametoka wapi, ameona nini, haogopi nini. Nikamwambia, "Basi, mzee, kijana wako hakuokota jambo geni."

Ni kweli kwamba rapu ilianzia mtaa wa Bronx, New York, mwaka wa 1973. Lakini huku kwetu ilipata wenyewe. Saleh J alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza jijini Dar es Salaam mwaka wa 1991 kwa kurapu Kiswahili. Miaka hiyo ya tisini ikielekea ukingoni, Kalamashaka wakaleta maisha ya Dandora redioni. Nao X Plastaz wa Arusha wakachanganya rapu na uimbaji wa Kimaasai, na albamu yao ya mwaka wa 2004 wakaiita Maasai Hip Hop. Mwaka wa 2018, Kendrick Lamar wa Marekani alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki, ambayo awali ilikuwa ya watunzi wa muziki wa klasiki na wa jazi.

Hata hivyo, msomaji, sisemi kila anayeshika kipaza sauti ni msanii. La hasha! Ziko nyimbo za kudhalilisha wanawake na kusifia ulevi, na mzazi ana haki ya kuzizima. Wala hisia peke yake si sanaa. Hata mtoto akikanyaga mwiba hulia. Sanaa ni ile kazi ya kuutafutia uchungu maneno yake, vina vyake na mizani yake, hata asiyeumia naye aumie. Katika daftari lile, mstari mmoja tu ulikuwa umefutwa mara nne. Muyaka wa Mombasa, aliyesifika kwa tungo za malumbano karne mbili zilizopita, angeitambua kazi hiyo.

Kwa hiyo, mzazi, soma kwanza kabla ya kuchoma. Nawe mwanafunzi, ukitaka uitwe msanii, andika lile ulilolishuhudia, si lile la kuigiza majambazi wa sinema.

Mzee aliondoka na daftari kwapani. Mlangoni akageuka: "Lakini mbona hakuniambia kwa mdomo?"

"Nawe, mzee," nikamjibu, "ulimwambia?"

Hakujibu. Lakini jioni ile niliwaona wawili hao wameketi nje kwenye ngazi, na daftari lipo katikati yao.

Tukutane Jumapili ijayo.