Mdhamini Anapofilisika, Deni Humwangukia Nani?

Neno bima lina asili ya Kiajemi na Kihindi, na wengi wetu hulitumia kana kwamba maana yake ni kinga. Sheria haikubaliani nasi. Chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, kampuni iliyompa bima mwenye matatu ni mfano wa mdhamini: abiria aliyejeruhiwa akishinda kesi, kampuni hulazimika kulipa, hadi Sh3 milioni tangu marekebisho ya 2006. Lakini deni lenyewe hubaki la mwenye gari.

Tofauti hiyo hudhihirika mdhamini anapoanguka. Kampuni ya serikali, Kenya National Assurance, iliporomoka 1996. Julai 2005 ikafuata United Insurance, iliyokuwa tegemeo la matatu na mabasi mengi, kisha Blue Shield mnamo 2011. Msimamizi akishateuliwa, malipo husitishwa na wadai huambiwa wangoje. Abiria aliyevunjika mguu, ambaye Kiswahili cha wazee kingemwita mwia, hana mlango wa kubisha ila wa mwenye gari. Hivyo dalali wa mahakama aweza kunadi matatu ya mtu aliyelipa ada ya bima bila kukosa.

Kwa kawaida, mdhamini akimlipia mwenziwe deni hurithi haki za mdai. Hapa mambo yamepinduka: mwenye deni ndiye anayemlipia mdhamini! Akishalipa, yeye naye huwa mwia wa kampuni iliyofilisika, apange foleni nyuma ya mfilisi pamoja na mamia ya wengine.

Tunayo hazina ya kuwafidia wenye bima, iliyoundwa 2004. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa Sh250,000 kwa dai. Mwalimu wa hesabu na awape wanafunzi wake zoezi: atakayedai Sh3 milioni atapungukiwa na Sh2,750,000.

Wapo wanaotaka amri ya kusitisha malipo imkinge pia mwenye gari. Siafikiani nao. Mzigo ungemwelemea majeruhi, ambaye hakuichagua kampuni wala hakuiona hati yake. Afadhali hazina imlipe yeye kwanza, na kwa kiwango kinacholingana na kile cha Sura ya 405. Hati zenyewe, ambazo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, zimweleze mwenye gari kwa Kiswahili, katika ukurasa wa kwanza, kwamba deni ni lake.