Mtoto Hapatikani: Baba Naye Apimwe



Ndoa ikitimiza mwaka bila mimba, macho yote humgeukia mke. Mama mkwe anauliza, mawifi wananong'ona, na bibi arusi wa juzi anaanza kuzunguka: leo zahanati, kesho hospitali, keshokutwa kwa mganga wa mitishamba. Mumewe hajaulizwa swali hata moja.

Ukweli ni kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mke. Na katika sababu za upande wa mume zinazoweza kutibiwa, inayoonekana mara nyingi zaidi ni kuvimba kwa mishipa ya damu ya korodani. Madaktari huiita varikosili.

Ni ugonjwa gani?

Wengi wetu tumeona mishipa ya miguu ikivimba na kujipinda wakati wa ujauzito. Varikosili ni hali ya namna hiyo hiyo, ila iko ndani ya mfuko wa korodani. Mishipa inayorudisha damu kutoka korodani ina vilango vidogo vya kuzuia damu isirudi chini. Vilango hivyo vikilegea, damu hutuama na mishipa hutanuka. Mara nyingi huwa upande wa kushoto, ambako mshipa ni mrefu zaidi na damu hupanda kwa shida.

Tusichanganye hali hii na busha wala ngiri. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Ngiri mara nyingi ni utumbo ulioshuka. Varikosili ni mishipa tu, na ikiwa kubwa hupapasika kama nyuzi nene zilizosokotana. Baadhi ya wanaume huhisi uzito jioni baada ya kusimama sana. Wengi hawahisi kitu.

Huzuiaje mimba?

Mbegu za kiume hutengenezwa vizuri katika joto lililo chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndiyo maana korodani ziko nje ya mwili. Damu yenye joto ikituama hapo, mbegu huweza kuwa chache, nyingine zikakosa nguvu ya kwenda, nyingine zikawa na umbo baya.

Tusitishane. Katika wanaume 100, kama 15 wana hali hii, na wengi wao wanaitwa baba. Lakini kati ya wanaume wanaochunguzwa kwa kukosa mtoto, idadi hufikia 35 hadi 40 katika 100. Wengine walipata mtoto wa kwanza bila shida, wa pili ndipo akakawia. Kwa hiyo kuwa na mtoto mmoja si cheti cha kumwondolea baba kipimo.

Tena mbegu chache si upungufu wa nguvu za kiume. Mume anaweza kuwa na nguvu zake zote, na bado darubini ikaonyesha mbegu chache.

Kipimo chake

Mkikaa mwaka mmoja bila kinga na mimba haijashika, nendeni hospitali wawili, siku moja. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje kupita miezi 6. Daktari atampapasa mume akiwa amesimama na kumwambia ajikaze ili mishipa ijae. Ni kazi ya dakika chache. Kisha manii hupimwa, baada ya siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa, maana hata homa kali huweza kupunguza mbegu kwa muda.

Linganisha na mke anayetiwa dawa ndani ya kizazi ili mirija ipigwe picha. Je, ni haki yeye apite huko kabla mume hajapimwa kabisa?

Tiba

Manii yakiwa mazuri, kwa kawaida mishipa huachwa kama ilivyo. Yakiwa dhaifu, na mishipa inapapasika, daktari wa upasuaji huweza kuifunga kupitia mkato mdogo kwenye kinena. Mwaka 1952 daktari Tulloch wa Edinburgh, Uskoti, alieleza habari za mwanamume ambaye manii yake hayakuwa na mbegu; baada ya upasuaji huo mkewe alishika mimba.

Hata hivyo inahitaji subira. Mbegu mpya huchukua karibu miezi 3 kukomaa, hivyo manii hupimwa tena baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa wengi hali hupata nafuu, lakini si wote wanaopata mtoto, na kwa wachache mishipa hurudi au busha hutokea. Anayekuahidi mtoto kwa hakika, awe daktari au mganga, hasemi kweli.

Kwa mama wa wavulana

Hali hii huanza mara nyingi wakati wa kubalehe. Mfundishe mwanao asione haya kusema akihisi uvimbe. Uvimbe wa upande wa kulia peke yake, au usiopungua akilala, uchunguzwe mapema. Maumivu makali ya ghafla katika korodani ni jambo jingine: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Na mumeo utamwambiaje? Usimwambie, "Nenda ukapimwe." Mwambie, "Baba, twende tukapimwe." Neno hilo moja huweza kumtoa mwanamume nyumbani bila ugomvi.

Nawe uliye mama mkwe, kabla hujamwuliza mkaza mwanao kuhusu mjukuu, mwulize kwanza mwanao kama amepimwa.

Tukutane mwezi ujao.