Kazi Tuikabidhi Mashine, Ufunguo Tubaki Nao

Mwalimu wa taaluma aliyeko Rulenge, akitaka kulinganisha matokeo ya kidato cha nne ya shule zote za wilaya za Ngara na Biharamulo, hufungua tovuti ya Baraza la Mitihani, huchagua shule, hunakili takwimu, hurudi nyuma, kisha huanza tena. Kazi hiyo haihitaji elimu yake. Yahitaji subira tu. Na kazi ya subira tupu ndiyo ifaayo mashine.

Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, humwezesha mtu kuandika amri zifuatanazo: fungua ukurasa, soma jedwali, hifadhi takwimu, ngoja kidogo, nenda ukurasa ufuatao. Selenium, chombo kilichoanzishwa mwaka 2004, huendesha kivinjari chenyewe: hutafuta kisanduku, hukijaza, hubonyeza kitufe. Mwanafunzi aandikaye amri hizo hugundua upesi kwamba mashine haikisii. Mtandao ukizorota, naye hakuiamuru mashine ingoje, kazi yote hukwama. Hilo ni somo la kupanga fikra, nalo lastahili kufundishwa katika shule zetu za sekondari.

Lakini kurasa nyingine zina mlango. Mhitimu wa kidato cha nne huingia katika mfumo wa Selform wa TAMISEMI kwa neno lake la siri ili abadili machaguo ya tahasusi. Seva ikilikubali neno hilo, hurudisha alama iitwayo kuki, ambayo kivinjari huionyesha kila kinapoomba ukurasa mwingine. Seva haitambui uso wa mtu. Aliye na ufunguo, kwayo ndiye mwenye nyumba.

Wapo watakaosema: wanafunzi wengine wanaishi mbali, hawana simu, mwalimu na akusanye maneno yao ya siri, programu imalize kazi usiku mmoja. Hoja hiyo ina huruma, lakini siikubali. Mstari mmoja ukiruka katika orodha, binti aliyetaka sayansi atajikuta amechaguliwa tahasusi ya jirani yake. Orodha yenyewe hunakiliwa kwa dakika moja. Tena kuingia katika mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka azikusanyaye taarifa za watu azilinde.

Basi tuweke mpaka. Takwimu zilizo wazi kwa umma zisomwe na programu, tena polepole, isiielemee seva. Tovuti ikitaka uthibitisho kwamba aingiaye ni binadamu, programu isimame. Anayejiendeshea akaunti yake asiliandike neno la siri ndani ya programu atakayowagawia wenzake. Na pale panapoamuliwa mustakabali wa kijana, mwalimu amwandalie kompyuta na maelezo, kisha amwachie kijana mwenyewe abonyeze kitufe.