Biashara ya Kiganjani na Haki ya Mnunuzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu Waislamu, wazee na vijana, mwezi huu twapenda kusema juu ya biashara iliyoingia majumbani mwetu kwa njia ya simu.

Biashara ya halali ni jambo la heshima katika dini yetu. Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alikuwa mfanya biashara, na mali yake ilisafiri mpaka Sham mikononi mwa Mtume (S.A.W.) kabla hajapewa utume. Na kilichomfanya bibi yule amwamini kijana wa Kikureshi kwa mali yake ni kule kujulikana kwake kuwa ni Al-Amini, mwaminifu. Hakutangazwa kwa kitu kingine ila uaminifu wake.

Zamani mwenye kutaka kuuza hakuwa na budi apate kibanda, alipe kodi, na angojee wapita njia. Leo mama aliye ndani kwake akishona kofia, au kijana mwenye vichupa kumi vya mafuta mazuri, aweza kuonesha bidhaa yake kwa watu wa Mombasa, Unguja na Maskati bila ya kuvuka kizingiti. WhatsApp ilianza mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010. Na mwaka 2018 ikatoka WhatsApp Business, ambayo haina malipo kwa mwenye duka dogo, nayo humwezesha kupanga picha za bidhaa pamoja na bei zake na saa zake za kazi. Hii ni neema, na neema yataka shukrani.

Lakini liko jambo moja ambalo twaliona likipuuzwa. Dukani mnunuzi hushika kitambaa, hunusa udi, huonja halua. Katika simu hana mkono wala pua wala ulimi. Ana jicho tu, na maneno yako wewe muuzaji. Basi picha yako na maneno yako ndiyo bidhaa kwake, mpaka mzigo umfikie.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Alipouliza, mwenye mali akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika wenziwe. Tazameni: mtu yule hakutamka uongo. Alichofanya ni kuacha juu ionekane kavu. Na picha ya simu ni ile juu ya rundo.

Tuchukue mfano wa kofia. Kofia ya kazi ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa mshonaji mmoja; ya mashine hutoka kwa muda mchache. Katika picha ndogo zaweza kufanana kama pacha. Mwenye kuuza ya mashine akanyamaza, akapokea bei ya mkono, ameula mfano wa nafaka iliyorowa. Na mwenye kuchukua picha ya kazi ya mtu mwingine akaiweka kuwa ni yake, huyo amemdhulumu mnunuzi na mshonaji pamoja.

Tena watu wengi hulipa kabla, kwa M-Pesa na mfano wake, kisha wakangoja. Jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla, akawaamuru kiwe kipimo kinachojulikana, na uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Basi wewe muuzaji andika wazi: ukubwa wake, kitambaa chake, bei yake, siku itakayofika, nani alipa gharama za kupeleka, na itakuwaje ikifika na kasoro. Ile desturi ya kuficha bei na kumwambia kila mtu aulize faraghani humtia mteja shaka kuwa yeye atapangiwa bei kwa kadiri ya jina lake.

Na Mtume (S.A.W.) alikataza najash, nayo ni mtu asiyetaka kununua kupandisha bei ili kumhadaa mwengine. Wale wanaonunua wafuasi wa uongo, na wale wanaowaomba jamaa zao kusifu mafuta wasiyoyatumia, na watazame wamesimama karibu na nini.

Ama namna ya kufanya si ngumu. Piga picha mchana karibu na dirisha, juu ya kitambaa cheupe, na rula kando yake ili ukubwa ujulikane. Mama hana haja ya kuonesha uso wake. Palipo na doa, lipigie picha yake peke yake. Usiwatie watu kundini bila ya idhini yao. Waombe wahifadhi namba yako, kwani tangazo la orodha katika WhatsApp huwafikia wale tu walioihifadhi. Na namba ya mteja ni amana. Usimpe mtu mwengine. Unapoadhiniwa, weka lile jibu la kujiendesha lenyewe kuwa utarejea baada ya sala. Katika Suratul Jumua tumeamrishwa kuacha biashara tunapoitwa, kisha tutawanyike kutafuta fadhila za Mola wetu. Mteja wa kweli atangoja.

Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hakina budi kitembezwe. Basi na kitembee na ukweli wake, ili mnunuzi akifungua mzigo aone kile kile alichokiona kiganjani. Huyo atarudi, na atamleta na jirani yake.

Mwenyezi Mungu aturuzuku cha halali, na atie baraka katika kichache chetu. Amin.